Njaa isimwandikishe mwanangu jeshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Lamu, na pia na wakubwa wa jeshi letu ikiwa watanisoma. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni. Kazi ya kalamu si yangu, na barua hii nimeianza mara nne nikaichana, lakini jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu baada ya Idi na sioni mahali pengine pa kulitua.

Mwanangu wa tatu ana miaka 21. Siku hiyo tulikuwa tukitia kalafati mashua ya mvuvi mmoja wa Kizingitini, yeye ubavu wa huku, mimi ubavu wa kule, tukishindilia pamba kati ya mbao. Tulikuwa hatuonani. Akaniuliza kutoka upande wake: "Baba, jeshi wakija kuandikisha mwaka huu, niende?" Nikasikia nyundo yake imenyamaza, anangoja. Yangu nayo ilinyamaza. Nikamwambia anipe siku mbili tatu. Siku hizo sasa zimekuwa miezi miwili. Kila jioni nikirudi nyumbani ananitazama usoni, ila haulizi tena.

Masharti anayajua kwa moyo, maana tangazo lilipotoka mara ya mwisho alilikata gazetini akalihifadhi ndani ya msahafu wake. Uwe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, uwe na miaka 18 hadi 26, uwe na cheti cha KCSE cha kumaliza sekondari, usiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamume awe na urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 54.55 kwa uchache. Mwanamke mita 1.52 na kilo 50. Yote anayo. Ni mrefu kunishinda, meno yake yote yapo, na kila alfajiri baada ya swala hukimbia njia ya Kipungani na kurudi kabla chai haijaiva. Kwa mujibu wa kile kipande cha gazeti, mwanangu amekwisha kufaa. Lakini kipande hicho hakisemi lolote juu ya maisha yatakayofuata baada ya mizani na rula, na hayo ndiyo mimi na mamake tunayotaka kuyajua.

Nisimlaumu yeye peke yake. Mwaka 1989, nikiwa na miaka 19, mimi pia nilisimama kwenye foleni kama hiyo. Nilitoroka nyumbani nikapanda mashua ya alfajiri kwenda Amu, yaani mji wa Lamu. Tulivuliwa mashati na viatu, tukakimbizwa, tukaangaliwa meno na nyayo, tukaambiwa tukunje na kukunjua vidole. Nilipofika kwenye kipimo cha urefu, yule afisa alikishusha kibao mpaka kikagusa nywele zangu, akatikisa kichwa, akaita mwingine. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Nilirudi na mashua ya jioni bila kumwambia mama kitu, na kesho yake mjomba wangu akaniwekea mkononi tezo ya kuchongea mbao. Tezo hiyo ndiyo iliyonilishia watoto watano, Alhamdulillahi. Lakini nikikumbuka siku ile naona kwamba nilikwenda bila kuwaza. Sikujiuliza kama nitaweza kumlenga binadamu mwenzangu. Sikujiuliza nitafanya nini nikiamriwa jambo ambalo moyo wangu haulitaki. Nilitaka mshahara na zile buti. Shauri langu lilikatwa na kibao cha mbao, wala si mimi wala mzazi wangu. Sitaki mwanangu aingie kwa namna hiyo, wala akose kwa namna hiyo.

Mamake amekataa. Watu wa mtaani husema ni woga wa mwanamke, na maneno hayo huniudhi, kwa sababu mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja na ninajua anachokiwaza. Januari 2016, kambi ya majeshi yetu iliposhambuliwa El Adde huko Somalia, alikaa na redio siku tatu akiwalilia watoto asiowajua. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2017, ikawa Kulbiyow, akalia tena. Anajua kwamba kila mtu atakufa, na hata hapa nyumbani bahari imechukua ndugu zake wawili. Anachouliza ni hiki: "Akifa huko mbali, nani atamkosha? Nani atamsalia?"

Bahati njema alitutembelea mstaafu mmoja wa jeshi, jamaa ya mke wangu upande wa baba. Nikamuuliza mbele ya mke wangu. Akatueleza kwa upole kwamba jeshi lina maimamu wake, kama lilivyo na mapadri na wachungaji, na kwamba Waislamu huswali na kufunga kambini, na akifa mtu wao huzikwa kwa dini yake. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ukili aliokuwa akisuka. Kisha akasema: "Hilo nimelijua leo. Kwa nini hatukuambiwa mapema?"

Swali lake hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama huyu ana miaka zaidi ya 50, anaishi umbali wa safari fupi ya mashua kutoka kambi kubwa ya jeshi la majini, na jambo analoliogopa kuliko yote hakupata mtu wa kumweleza mpaka alipotokea jamaa kwa bahati.

Sisi watu wa Lamu tunaliona jeshi kila siku. Vita hivi na al-Shabaab wa Somalia vilianzia mlangoni kwetu. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa; siku ya kwanza ya Oktoba bibi Mfaransa aliyekuwa akiishi kisiwani Manda alichukuliwa usiku nyumbani kwake. Mwezi huohuo majeshi yetu yakavuka mpaka kuingia Somalia. Juni 2014 ikawa Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa, na baada yake ikaja kafyu iliyozima harusi zetu za usiku. Mwaka uliofuata operesheni ya msitu wa Boni ikaanza. Tarehe 5 Januari 2020, alfajiri, moshi mweusi ulipanda upande wa Magogoni. Ni ile siku kambi ya Manda Bay iliposhambuliwa na Wamarekani watatu wakafa. Mwanangu alikuwa kijana mdogo bado. Alipanda juu ya paa la makuti ya karakana akaangalia mpaka nikamkemea ashuke.

Kwa hiyo gwanda la jeshi kwetu lina maana mbili, na zote mbili ni za kweli. Ni gwanda la vijana waliolipuliwa na mabomu ya kutegwa kwenye barabara za kwenda Kiunga na Basuba ili sisi tulale. Zahanati za vijiji vya Waboni zilipofungwa kwa sababu ya hofu, wagonjwa walipata dawa kwa mikono ya wanajeshi. Hayo sitayasahau. Lakini ni kwa jina la usalama huohuo tulipigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka mingi, na asiyeijua bahari yetu hawezi kuelewa maana yake. Kuna samaki ambao mchana huwaoni. Mvuvi asipoingia baharini usiku hana pesa, na mvuvi asiye na pesa hatengenezi mashua. Katika miaka ile nilikaa miezi tisa bila kuwekewa oda hata moja ya mashua mpya. Mataruma, zile mbavu za mashua, niliyokuwa nimekwisha kuyachonga yalipasuka juani. Nilikuwa natengeneza vitanda na fremu za madirisha, na usiku nikiisikia bahari, sikuwa na la kusema. Mtaani kwetu pia yuko mama ambaye mwanawe alichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na mpaka leo hajui amlilie kama hai au kama maiti. Mama huyo ni jirani yangu. Mwanangu akivaa gwanda, siku ya kwanza akija likizo atapita mbele ya mlango wake.

Nilimwambia mwanangu hayo yote, nikidhani yatampoza. Akanijibu: "Ndiyo maana nataka niwe ndani, baba. Siku askari wa doria akimsimamisha mvuvi wa Kizingitini, awe ni mtu anayejua nyavu, anayejua kwa nini mashua imechelewa kurudi maji yakitoka." Sikuwa na jibu. Bado sina. Hilo ndilo jambo la kwanza alilosema ambalo halikuwa mshahara wala sifa, na tangu siku hiyo nimeanza kumsikiliza kama mtu mzima.

Hapa niseme neno kwa wale wanaorudia kwamba kijana wa pwani hataki jeshi, kazi yake ni kukaa barazani. Jenerali Joseph Kibwana na Jenerali Samson Mwathethe wote wawili ni wana wa pwani, wote wawili walitoka jeshi la majini, na wote wawili walifika ngazi ya juu kabisa ya majeshi ya Kenya. Na ikiwa mtu anataka za zamani zaidi, na aende Siyu akaulize jinsi mji ule mdogo ulivyoyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, mara mbili katika miaka ya 1840. Kinachowazuia vijana wetu mara nyingi ni nauli na karatasi. Mtoto wa Ishakani au Kiunga anayetaka kusimama kwenye foleni ile anahitaji kwanza kitambulisho, na nimewaona waliofika ofisini wakaambiwa walete karatasi za babu zao, watu waliozaliwa wakati karatasi hazikuwepo. Huyo anafikisha miaka 26 bado anafukuzia kitambulisho. Hakuna aliyempima miguu wala moyo.

Kisha kuna madalali. Hili nitalieleza kwa urefu, kwa sababu mkono wangu umo ndani yake.

Kuna mzee mmoja, sitasema wa kijiji gani, niliyemtengenezea mashua ya futi 28. Mkuku wake, ule uti wa chini, niliuchagua mwenyewe, na nilipoipaka sifa, yale mafuta ya samaki ya kulinda mbao, mara ya mwisho nilijua ni mojawapo ya kazi zangu nzuri. Aliivulia miaka sita. Mwanawe akataka jeshi. Akatokea mtu mwenye suti, mwenye kuongea Kiswahili cha bara, akasema ana mkubwa wake ndani, na kwamba nafasi ya Lamu imebaki moja. Alitaka Sh350,000. Mzee akauza mashua. Aliyeinunua aliichukua kwenda Shimoni, sijaiona tena. Kijana akapewa barua yenye nembo na muhuri, nzuri kuitazama, ya kumwita mafunzoni Eldoret. Akafanyiwa dua. Mama yake akampikia visheti vya njiani. Alisafiri siku mbili mpaka akafika lango la kambi, na pale langoni barua ikaonekana ni ya bandia, akatiwa mbaroni pamoja na wengine waliokuja na karatasi kama yake. Yeye hakuwa tapeli, bali ndiye aliyetapeliwa. Lakini aliyelala rumande ni yeye. Dalali simu yake haikushika tena.

Mzee yule siku hizi huvua kwa mshipi akiwa amesimama ufukoni, na mzee mwenye umri wake hastahili hivyo. Tukikutana huniamkia kwa heshima kama zamani. Mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama, ingawa sikumkosea kitu.

Jeshi lenyewe husema kila mwaka kwamba uandikishaji ni bure, na kutoa au kupokea hongo ni kosa. Nawaamini. Lakini neno hilo huwa mstari mmoja chini ya tangazo, na huku visiwani wengi hawaoni gazeti lenyewe; habari huwafikia kupitia mtu mwenye suti.

Yule jamaa mstaafu alinifungua macho kwa jambo jingine. Mwanangu anasema anataka navy, kwa sababu bahari ndiyo anayoijua. Tangu ana miaka 15 hupeleka boti kati ya Mokowe na Amu, na upepo wa kusi anaujua kwa harufu. Mstaafu akamwambia: kijana, wewe unaandikishwa kuwa askari wa Kenya, halafu jeshi ndilo litakaloamua likupeleke wapi. Unaweza kuomba Mtongwe, kambi ya jeshi la majini kule Mombasa, ukajikuta kwenye jeshi la nchi kavu, kwenye mchanga wa mpakani, mahali ambapo maji ni ya kuletwa na lori. Unaweza kupelekwa Somalia. Waliopelekwa Kongo mwaka 2022 hawakuchagua Kongo. Nilimwona mwanangu akimeza neno hilo polepole. Usiku wake hakula vizuri. Lakini ilikuwa heri alijue jioni ile, nyumbani kwao, mamake yupo, kuliko kulijua akiwa amekwisha kula kiapo. Mtu akila kiapo hicho, harudi kwa mama kwa sababu amebadili nia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi simkatazi. Wala simsukumi. Ninachokiogopa ni kwamba kijana wangu na wenzake wanaamua wakiwa na mlango mmoja tu mbele yao, na mtu mwenye mlango mmoja haamui. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilitamka kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioharibiwa kazi yao na ujenzi wa bandari ya Lamu wafidiwe Sh1.76 bilioni. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Meli kubwa tunaziona. Kijana wa Matondoni aliyeziona angali anasubiri kazi ya kusafirisha abiria kwa zamu, siku anayo, siku hana. Karakana yangu ilikuwa na mafundi sita. Leo ni mimi na yeye. Akiondoka, nitabaki na tezo yangu. Nimeliweka hilo mbele yangu nikalipima, na nimeona si haki kumzuia kwa sababu ya upweke wangu. Lakini pia si haki aondoke kwa sababu tu mashua haziagizwi.

Njaa inaandikisha vijana kila upande. Inaandikisha kwa yule mwenye barua ya bandia. Imewaandikisha vijana wa pwani waliovushwa mpaka kwenda kwa al-Shabaab kwa ahadi ya kazi, na wengine hawakurudi. Imewaandikisha Wakenya waliodanganywa kwamba wanakwenda kufanya kazi Urusi, wakajikuta kwenye mahandaki ya vita vya Ukraine. Ikiwa mwanangu atashika bunduki, nataka aishike kwa sababu ile aliyonieleza, ya mvuvi wa Kizingitini na nyavu zake. Sababu hiyo inaweza kumlaza na kumwamsha. Mshahara peke yake, siku ya bomu la barabarani, haumtoshi mtu.

Wakubwa wa jeshi, naomba hivi. Kabla ya siku ya uandikishaji, miezi miwili au mitatu, tumeni maafisa waje visiwani. Wasije na mizani. Waje wakae barazani na wazazi, Faza, Siyu, Kiunga, Mpeketoni, na hapa Matondoni. Waje na wanawake wanajeshi pia, kwa maana wako mabinti wetu wenye hamu hii ambao hawathubutu hata kuitamka, na huenda wengi hawajui kwamba mwaka 2024 mwanamke Mwislamu, Meja Jenerali Fatuma Ahmed, alikabidhiwa uongozi wa jeshi la anga la Kenya. Waje watujibu: mtoto akijeruhiwa nani anatupigia simu? Akitaka kuacha, inakuwaje? Akipelekwa Somalia, mzazi anaarifiwa? Na akisimama kwenye kizuizi cha barabarani mbele ya watu wa kwao, amefundishwa aseme nao vipi? Kaunti nayo iweke boti siku hiyo, ili kijana wa Kiunga asishindwe na nauli na yule wa Amu akashinda kwa kuwa jirani na uwanja.

Na wewe Mhariri, tangazo la kazi za jeshi likija kwako, tafadhali lile neno la "bure" lipe herufi kubwa.

Jana tulimaliza ile mashua ya Kizingitini. Baada ya kuisukuma majini, nilimwita mwanangu nikamjibu. Nilimwambia aende, kwa masharti mawili: asimpe mtu yeyote hata shilingi, na asitoroke kama nilivyotoroka mimi, aondoke kwa mlango wa mbele, mamake akijua. Siku hiyo nitavuka naye nimsubiri nje ya uwanja. Mamake hajasema ndiyo. Amemwambia tu kwamba akipita mbele ya yule jirani, asimame, amwamkie, na amwache aseme yote aliyo nayo.

Ni mimi,
Fundi wa mashua,
Matondoni, Lamu.